Safia Binti Nani

...binti nani, ameuliza Shehe Msafiri, Safia binti nani, nami mkono wangu umo mkononi mwa Khalidi kama mkono wa walii anayeozesha, mkono wa baba, ilhali sharia niliyoisomesha madrasa umri wangu wote yaagiza mtoto aitwe kwa aliyemzaa, si kwa aliyemlea, na aliyemzaa Safia ni Maige, seremala wa Kisesa, jirani yangu, aliyemuua mkewe Sabina kwa patasi, kichanga kikilia mkekani, na jamaa hawa wa Khalidi wa Igoma walilisikia jina hilo redioni, nikilitamka watainuka na bwana harusi wao, nikitamka Bakari, jina langu, ndoa itasimama juu ya uongo... “Khalidi, jasho lote hilo, utadhani umeanikwa pamoja na dagaa!” huyo ni Mboni, shangazi yake, wanawake wanacheka nyuma ya pazia, Safia hacheki, nakijua kimya chake, hutangulia mvumo wake, Maige alivuma hivyo hivyo, midomo imefumbwa, mbao ilipompasukia, mmmm, kisha akarusha nyundo, na Safia tulimchukua angali ananyonya, hakupata kumsikia, basi ni nani aliyemfundisha, mbona siku alipoporwa kalamu darasani alirudi nyumbani akivuma vile vile, nami niliyekuwa nikisomesha kwamba mtoto huzaliwa safi, walezi ndio humpinda, nikatega sikio, na marehemu mke wangu akanicheka, “Baba Safia, mtoto anaimba tu, wewe wamsikiliza kama polisi”... hata mwezi uliopita, alikuwa akiparua magamba ya sato, Khalidi amechelewa, akavuma, kisu mkononi, nami mlangoni nikimkazia macho, akakilaza kisu, akanawa, akatoka uani, aliporudi akasema, “Baba, usiniangalie hivyo, huwa naishika isitoke”... naishika, alisema, nami neno hilo sikulisikia ila sasa, kwamba huenda mvumo haukuwa hasira, ulikuwa kamba ya kuifungia, na huenda Maige naye aliishika, kila siku tuliyomsikia aliishika, mpaka siku moja kamba ikakatika, na kama ndivyo, amemrithisha kipi, hasira au kamba, na mimi, Mola wangu, niliyemlea, nimeongeza uzi gani katika kamba hiyo, itahimili nyumba ya watu, itahimili watoto... “Maalimu, twakusubiri,” Shehe amerudia taratibu, “Safia binti nani?” na Mboni, “Jamani, Maalimu kasahau jina lake mwenyewe!” wanacheka tena, asubuhi Safia aliubusu mkono huu huu, “Baba, taja la kweli, wakiondoka waondoke leo, nisije nikaachwa nikiwa na mtoto mgongoni”... na sasa umeanza, nyuma ya pazia, mwembamba, mmmm, kicheko kimekatika, anaishika, mwanangu anaishika, herufi ba na mim, ba ya Bakari, mim ya Maige, nimewafundisha watoto miaka yote hiyo, zote mbili hutokea midomoni, sharti midomo ifumbwe kwanza, ba hupasuka, mim huvuma puani, nami nimefumba midomo, Shehe ameinamisha kichwa, mkono wa Khalidi umelowa, bado sijatamka, na mvumo nausikia karibu mno, huu hautoki nyuma ya pazia, umo puani mwangu...