Sakafu ya Mwalimu Mwarandu

Jumatatu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Mzee Mwarandu, mwalimu mkuu mstaafu wa Utange, alimkuta mjukuu wake Sidi amesimama sebuleni na sare ya shule, miguu imezama katika sakafu hadi vifundoni. Alimwambia asichelewe. Sidi akaichomoa miguu, akaenda.

Jumatano alizama hadi magotini. Mzee akamwita fundi Matano, aliyeimwaga sakafu hiyo mwaka uliotangulia.

“Mchanga ulizidi saruji. Ulidhani sikukuona?”

“Mwalimu, sakafu yabeba friji na kabati la vyombo. Itashindwa na mtoto wa miaka kumi na miwili?” Matano aliigonga kwa nyundo, ilikuwa ngumu. “Na huyu mbona kimya? Mwaka jana aliniambia natembea kama bata.”

“Amekua.”

Sidi ana usonji. Zamani aliimba peke yake mchana kutwa, na babu alipomtania, alimjibu kwamba mzee wa meno kumi na moja asijifanye kijana. Shule ilimkanya kuimba na kuulizauliza. Muhula huu alisema “abee” tu, chakula akakisukuma kando, na kabla ya kengele ya asubuhi viganja vyake vikalowa jasho. Walimu waliandika kwamba nidhamu yake imeimarika sana. Mzee aliibandika ripoti ukutani.

“Baba, mtoto hali, halali,” alisema Winfred, mama yake Sidi. “Nimpeleke kliniki?”

“Kliniki wakamwone nini? Usonji wake tunaujua. Wa kuchunguzwa ni Matano.”

Ijumaa Sidi alizama hadi kiunoni, na hakuweza kujichomoa. Winfred alimvuta mikono, akashindwa, akaenda kumletea uji. Matano alirudi na toroli, akakoroga saruji mpya barazani. Mzee aliweka kiti mlangoni ili aone kila koleo.

“Babu,” aliita Sidi, “nikisema naogopa, ripoti itaharibika?”

“Mtoto mwenye adabu hamsemeshi mtu fundi akiwa kazini.”

“Haya, babu.”

Matano aliisimamisha toroli. “Mwalimu, nimwage naye yumo?”

“Mwaga. Na unyooshe vizuri.”

Matano alimwaga saruji kumzunguka Sidi, akiikinga sare yake kwa gunia isichafuke. Mzee Mwarandu hakuondoka mpaka toroli ya mwisho, wala hakuyabandua macho yake kwenye mchanga.