Jina Alilolitaja Mama Eddy

Gordien alikutwa asubuhi ufukweni mwa ziwa, kijijini Swima, amelala kifudifudi kando ya boti aliyokuwa akiilinda, kichwa kimepasuliwa kwa kasia. Motere, injini ya boti, haikuwepo. Aliyemkuta alikuwa Irankunda, kijana Mrundi mwenzake, aliyekuja kumpokea zamu. Irankunda alimwinua, akamlaza mapajani, akapiga kelele. Watu walipofika walimwona amelowa damu tangu kifuani mpaka magotini, na hilo likawatosha. Vijana wa bandarini walimpiga mpaka mkono wake ukavunjika, kisha wakamfunga kamba wakampeleka mjini Baraka kwa polisi.

"Ni Barundi benyewe kwa benyewe," watu walisema, wakarudi kwenye kazi zao.

Anastasie hakurudi kwenye kazi yake. Alikuwa mchuuzi wa ndagala, mwanamke wa makamo ambaye Swima nzima ilimwita Mama Eddy, kwa jina la mwanawe, Eddy. Gordien alikuwa akimlimia shamba la mihogo tangu alipokimbia vita kwao na kuja kukaa kambini na wakimbizi wenzake. Akimaliza kulima alikula jikoni kwa Anastasie, na Eddy alipokuwa mdogo, Gordien ndiye aliyemfundisha kutega panya wa shambani. Kwa hiyo Anastasie alibeba unga na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, akaenda kambini na akina mama wengine kumlilia.

Cassilde, mjane wa Gordien, alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, macho makavu.

"Mama Eddy," alisema, "Irankunda hakumuua. Balikuwa kama ndugu. Mbona banasikia bale balimupiga, lakini mi habanisikie?"

Anastasie alimshika mkono tu.

Aliporudi nyumbani alitaka kuwasha moto. Mume wake, Anatole, alikuwa fundi wa mitumbwi, na kando ya nyumba palikuwa na kibanda chake cha kazi ambamo maranda ya mbao hayakukosekana. Anastasie alitia mikono yote miwili kwenye rundo, akagonga chuma. Alifukua. Ilikuwa motere ya boti, na ubavuni mwake limeandikwa kwa rangi nyeupe jina la Isidore, mfanyabiashara mwenye boti.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba asubuhi ile, kabla ya kelele, alimwona Eddy ziwani anafua shati. Kijana mzima ambaye tangu azaliwe alifuliwa na mama yake. Anastasie alikuwa amemtania: "Leo umepata akili?" Eddy hakucheka.

Alimkuta amelala chumbani, uso ukutani.

"Eddy. Motere ya Isidore inafanya nini mu kibanda ya baba yako?"

Eddy aliinuka akakaa. Mama yake alingojea akane. Alikuwa tayari hata kuamini uongo mbovu, kama angepewa.

"Mama, sikupenda afe," Eddy alisema. "Nilipenda kubeba motere tu, niiuzishe, niende. Niliona iko analala. Kumbe iko macho. Akaniita jina. 'Eddy, ni we?' Akaniita vile tu, pole pole, kama vile anapenda kunipa kitu."

"Na we ukafanya nini?"

Eddy alitazama mikono yake. "Alinijua, mama. Ningefanya nini?"

Anastasie alitoka nje akaegemea ukuta. Kama Gordien asingekula jikoni kwake miaka yote ile, asingelijua jina hilo, na pengine angekuwa hai.

Anatole alirudi jua linatua, kutoka ufukweni alikokuwa akipigilia mtumbwi. Alikuwa shemasi kanisani, mtu wa maneno machache, na watu walimpenda kwa sababu aliwatengenezea milango na viti bila kudai kitu. Anastasie alimweleza yote, Anatole akiwa ananawa miguu uani. Anatole aliendelea kunawa.

"Najua," alisema. "We unazani nani alifunika ile motere?"

"Unajua? Na ulikuwa ku kazi siku nzima, unapiga nyundo?"

"Ulipenda nipige nini?"

"Irankunda iko mu mahabusu, mukono umevunjika, juu ya kitu hakufanya."

"Batakosa ushuhuda, batamuachilia. Lakini Eddy, ukimupeleka, hatatoka. Sikia, Mama Eddy. Huyu mutoto nilimubeba ku mugongo wakati wa vita, toka hapa mupaka Kazimia, risasi zinapita juu yetu. Sikumubeba ili nikuje kumutupa kwa polisi."

"Na mi nilimubeba mu tumbo."

"Basi kumbuka."

"Nakumbuka. Ndiyo maana inafaa niseme mi, isiwe mwingine."

Anatole alimwaga maji ya kunawia, akaingia ndani. Walikula pamoja wote watatu. Eddy alikula vizuri. Alimaliza sahani yake, akaomba samaki mwingine, na Anatole akampa wake. Anastasie aliutazama mkono wa mwanawe ukimega ugali, ukichovya, ukipanda mdomoni, ukirudi. Alifikiri kwamba kama kijana huyu angeshindwa kula, hata siku moja tu, labda naye angeshindwa kwenda Baraka.

Kulipokucha alipanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda Baraka kwa polisi. Njia nzima alijiambia kwamba jina litamkwama kooni. Halikukwama. Afisa aliyempokea alimuuliza anashitaki nini, naye akasema, "Naleta jina ya muntu aliyemuua Gordien kule Swima. Anaitwa Eddy. Ni mutoto wangu."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mutoto wako wa kuzaa?"

"Wa kuzaa."

"Alikukosea nini, mama?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote.

"Mi hakunikosea kitu," alisema. "Alimukosea Gordien."

Afisa alimtazama kama mtu anayemwonea mwenzake aibu, kisha akaita askari.

Afisa na askari walipofika naye Swima, chumba cha Eddy kilikuwa kitupu. Anatole alikuwa ameamka, akakuta upande wa mke wake kitandani umepoa, akaelewa. Alimpa Eddy koti lake, akamsindikiza hadi kwenye boti iliyokuwa inaondoka na samaki kwenda Kazimia, na kutoka huko kijana angevuka hadi ng'ambo ya ziwa, nchi nyingine. Kisha akarudi kuichukua motere. Askari walimkuta amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, anaipakia kwenye mtumbwi akaitose kwenye kina. Hakukimbia. Aliiacha ikaanguka, maji yakamrukia usoni.

"Eddy iko wapi?" afisa aliuliza.

"Eddy alisafiri tangu siku nyingi," Anatole alisema. "Hii motere ni mi niliiba. Na ule Murundi ni mi nilimupiga."

"Baba Eddy!" Anastasie alipiga kelele, akaingia majini na viatu vyake. "Usiseme uongo! Sema mutoto iko wapi!"

Anatole alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha.

"Si ulipenda bapate muntu?" alisema. "Basi bamepata."

Irankunda aliachiliwa wiki ileile. Mkono wake haukuwa umetibiwa, ulikuwa umevimba na kupinda kwenye kiwiko. Alikuja mpaka kwa Anastasie, akasimama nje ya ua wa matete.

"Mama, aksanti," alisema.

"Karibu, ukae. Nikupe hata maji."

"Hapana, mama. Aksanti tu." Macho yake yalikuwa yanaangalia njia. Baada ya siku chache Anastasie alisikia kwamba amerudi Burundi, kulekule alikokuwa amekimbia vita.

Kesi ilisikilizwa Baraka, majaji wanaozunguka miji walipokuja. Ukumbi ulijaa. Anatole alisimama na kurudia maneno yaleyale bila kuongeza wala kupunguza: nilihitaji motere, mlinzi aliamka, nikampiga. Anastasie naye alipoitwa alisema kila kitu, kuanzia maranda mpaka samaki wa pili. Jaji alimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyemsikia Eddy akikiri. Hakuwepo. Kisha Anatole aliomba ruhusa ya kusema.

"Bakubwa," alisema, "musimukasirikie bibi yangu. Ananipenda. Anajua mutoto alishafika mbali, hakuna mwenye atamupata, ndiyo maana anamutwika kosa yangu. Anatafuta kuniokoa."

Ukumbi mzima uliguna kwa huruma. Wanawake waliokuwa wamekaa nyuma ya Anastasie, ambao tangu siku ile ya polisi walikuwa wakimkwepa sokoni, walianza kumpapasa mabegani. "Pole, mama. Pole." Alitaka kuitupa mikono yao. Alitaka kupanda juu ya meza ya majaji na kulia jina la Eddy mpaka sauti ikatike. Lakini kila alivyozidi kupiga kelele, ndivyo walivyozidi kumhurumia.

Anatole alipewa kifungo kirefu, akapelekwa gereza la mbali.

Huruma ya watu haikufika mbali. Florentine, dada yake Anatole, hakudanganyika. Alimjua kaka yake. Alikuja na vijana wawili, wakabeba randa, misumeno, mbao na mtumbwi uliokuwa haujamalizika.

"Nyumba hii ilikuwa na banaume babili," alimwambia Anastasie. "We umebamaliza. Sasa kaa na ukweli wako, uone kama utakukatia kuni."

Anastasie alikwenda kwa Cassilde. Alifikiri kwamba kama kuna mtu mmoja duniani ambaye ingefaa akae naye, ni huyo. Cassilde alimpa kigoda, akaendelea kupepeta mchele.

"Nilisema yote, Cassilde. Habakuniamini."

"Najua ulisema. Nilikuwa pale." Ungo ulipanda, ukashuka. "Baba Eddy ndiye alinitengenezea huu mulango. Bananiambia muuaji wa bwana yangu amefungwa, nifurahi. Nafurahi namna gani? Ule alimuua iko anatembea. Na huyu alifungwa hakunikosea kitu. Mbele ya hii nilikuwa na kilio kimoja. Sasa iko bibili."

"Ulipenda ninyamaze?"

Cassilde aliweka ungo chini.

"Sijui," alisema. "Lakini usirudi huku tena, Mama Eddy. Si chuki. Nikikuona, nasikia jina ya mutoto wako."

Kwenda gerezani ilikuwa safari ya kutwa. Anastasie alikwenda mara moja, na ugali na samaki wa kukaanga. Anatole alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, lakini alichukua chakula kwa mikono miwili na kumshukuru. Kisha akauliza, "Mutoto alifika?"

"Baba Eddy, sema ukweli. Hata sasa. Nitatafuta avoka wa kukutetea, tutaanza upya."

"Alifika?"

"Sijui."

"Ukisikia, unijulishe." Alifunua samaki, akamtazama, akamfunika tena. "Nikisema ukweli leo, nitakuwa nimekaa humu bure. Usiniombe hiyo. Mi sikuombe unisamehe, na we usiniombe hiyo."

Anastasie alimwambia nani amezaa na nani amekufa Swima, mpaka mlinzi alipowatenganisha.

Eddy alipiga simu msimu wa mvua, mchana, Anastasie akiwa sokoni na beseni lake la ndagala. Namba ilikuwa ya ng'ambo. Sauti ilikuwa nene zaidi, imeshiba.

"Mama, ni mi. Niko muzima. Nimepata kazi ku ziwa, nakausha samaki. Nimepata na bibi. Iko na mimba."

Anastasie aliondoka penye kelele, akasimama nyuma ya kibanda cha muuza sabuni.

"Unajua baba yako iko wapi?"

"Najua."

"Unajua, na unakula."

"Mama, yeye mwenyewe alisema niende. Alisema, usiangalie nyuma. Nifanye nini? Nikirudi, nitamuharibia."

"Rudi, Eddy. Rudi useme ni we, baba yako atoke."

"Nirudi uniuze tena?"

"Ndiyo," Anastasie alisema. "Ukirudi, nitakupeleka tena. Nitakushika mukono mi mwenyewe."

Anastasie alisikia ziwa upande wa pili, na mwanamke anaita watu waje kula.

"Mutoto akizaliwa," Eddy alisema, "tutamupa jina ya baba." Simu ikakatika.

Anastasie alimwomba jirani amtunzie beseni. Alipanda moto mpaka Baraka. Afisa alikuwa yuleyule, na alimkumbuka, akamvutia kiti. Anastasie alimwonyesha namba kwenye simu, akamweleza kazi ya Eddy na mahali alipo, akamwambia kuhusu mwanamke mwenye mimba. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, viganja vyake vimelala juu ya meza.

"Mama yangu," alisema, "hii dosiye ya kesi ilifungwa. Muuaji alikiri, akahukumiwa, iko gerezani. Tunaelewa uchungu yako. Bwana ni bwana. Lakini mutoto naye ni mutoto wako, mama. Muache aishi."

"Andika," Anastasie alisema.

"Mama..."

"Andika tu jina yake."

Afisa alitazama mlangoni, ambapo watu wengine walikuwa wanangojea zamu, kisha akamwita askari amsaidie mama kutoka.