Malalamiko ya Rangi

Jumatatu asubuhi Bi Pindo alipiga pasi blauzi yake nyeupe, akaivaa, akaanza kufunga vifungo mbele ya kioo. Alipofika kifungo cha tatu, kola ilikuwa imekwisha kuwa damu ya mzee. Alipofika cha mwisho, blauzi nzima ilikuwa hivyo. Kutafuta sketi ya kuendana nayo hakukumpa kazi, kwa sababu sketi zote kabatini zilikuwa za rangi hiyo tangu Ijumaa.

Yeye ni fundi cherehani. Jina alipewa na wateja kwa ajili ya mapindo yake, ambayo hayajawahi kufumuka. Anaijua nguo iliyochuja na nguo iliyoambukizwa rangi kwenye beseni, na hii haikuwa hiyo wala ile.

Ilianza wiki moja baada ya kumzika mumewe, saa kumi jioni, saa ambayo mzee alizoea kurudi kutoka kiwanda cha vitambaa. Kwanza liligeuka zulia la mlangoni. Kisha kiti chake. Kisha mapazia ya kijani, ambayo Bi Pindo aliyachagua akisema kijani kinapoza macho ya mtu aliyeshinda na mashine. Vikombe vya bluu vikafuata, halafu kuta. Rangi ilipita nyumbani bila haraka, na ilipofika chumbani ikaingia kabatini. Bi Pindo alilia sana siku ile, na wala si kwa hofu. Aliutambua mwendo wa mzee.

Mumewe alifia kwenye mashine ya kukatia, ambayo tangu mwaka uliopita haikuwa na kifuniko cha kisu. Wakubwa wa kiwanda walimtoa nje, wakaosha sakafu kwa maji, na kwenye daftari la zamu likaandikwa neno moja mbele ya jina lake: mtoro. Ilielezwa kwamba aliacha kazi bila ruhusa, akagongwa na gari barabarani. Miaka ishirini na sita hakuchelewa hata siku moja, na homa alikwenda nazo kazini, lakini alizikwa na neno hilo. Bi Pindo hakudai kingine. Alitaka lifutwe.

Aliandika barua kwa mkono wake: “Mume wangu hakutoroka. Alifia kwenye mashine. Kuta za nyumba yangu ni damu ya mzee, na nguo zangu zote ni damu ya mzee. Naomba neno mtoro lifutwe.”

Karani wa kiwanda aliisoma yote, akatikisa kichwa kwa huruma.

“Mama, mambo ya rangi ni dirisha la tatu.”

“Sijaja kwa mambo ya rangi.”

“Si umeandika mwenyewe hapa? Damu ya mzee.”

“Nimeandika damu ya mzee.”

“Ndiyo hiyo hiyo. Nenda la tatu, mama yangu, pale hata foleni hakuna.”

Hiyo ndiyo shida ya rangi iliyopewa jina kama lile. Ukiitaja, watu wanawaza pazia.

Karani akaipeleka barua dirisha la tatu mwenyewe, na Alhamisi alikuja fundi rangi na ndoo mbili za nyeupe, maana nyumba ilikuwa ya kiwanda. Alipaka sebule mkono wa kwanza, akapaka wa pili. Ilipotimu saa kumi ukuta uliunywa weupe wote. Fundi aligusa, akanusa kidole, akaifunika ndoo na kuikalia.

“Mama, hii siyo rangi.”

“Najua, fundi.”

“Sasa kwenye fomu niandike nini?”

“Andika ulichokiona.”

Fundi alikuwa mtu mkweli, akaandika: “Siyo rangi. Ni damu ya mzee.” Karani, ambaye hakuvumilia Kiswahili kibovu, alikata neno la kwanza na nukta ya katikati. Ikasomeka: “Rangi ni damu ya mzee.” Akagonga muhuri.

Jumamosi alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, msimamizi wa zamu. Yeye ndiye aliyeliandika lile neno. Alisimama mlangoni na ovaroli yake ya bluu.

“Shemeji, ungeliacha tu jambo hili. Nina watoto wanne.”

“Ulimwona akitoka getini?”

Akatazama viatu vyake. “Niliambiwa niandike.”

“Basi ingia. Kaa kwenye kiti cha kaka yako.”

Aliingia, akakaa. Bi Pindo alimtazama nusu saa nzima. Ovaroli ilibaki bluu kama ilivyotoka dukani. Rangi iliyokula kuta ilimruka yeye. Aliona aibu akaondoka bila kuaga, na Bi Pindo alimhurumia kidogo, kidogo tu.

Tangu hapo alilivalia njuga jambo lile. Kila Jumatatu alikwenda ofisini, akakaa kwenye kiti cha wageni mpaka saa kumi. Walimpiga danadana: mhusika yuko kikaoni, mhusika ana udhuru, njoo wiki ijayo. Kiti kikageuka. Wakaleta kingine, nacho kikageuka. Kwenye kiti cha tisa meneja alitoka mwenyewe, akaomba ruhusa, akashika ukingo wa blauzi kama mnunuzi.

“Haichuji?”

“Haichuji.”

“Hata kwa sabuni?”

“Maji mlikwisha kuyajaribu.”

Meneja alifurahi. Kabla mwezi haujaisha ofisi ilipakwa damu ya mzee, kuta na milango, ili wageni wasione tofauti, na wafanyakazi wote wakapewa sare za rangi hiyo. Walisema inapendeza na haionyeshi uchafu.

Jumatatu iliyofuata Bi Pindo aliomba kuliona daftari la zamu. Karani hakuona ubaya, akalitoa kwenye kabati la chuma. Bi Pindo aliweka kiganja juu ya jina la mumewe, akasubiri. Karani akasubiri naye. Kengele ya saa kumi ilipolia aliinua mkono. Ukurasa ulikuwa mweupe, na neno lilikuwa palepale, kwa mwandiko safi wa shemeji.

“Karatasi nzuri hii,” karani akasema. “Haishiki kitu.”

“Naiona.”

“Sasa, mama, rangi si imekwisha kushughulikiwa? Umebaki na nini tena?”

“Neno.”

Zamu ilikuwa inatoka, kiwanda kizima kimevaa damu ya mzee, na kila aliyepita dirishani alimwambia kwaheri mama. Bi Pindo aliwaitikia wote. Kisha akavuta kiti karibu na daftari, akakaa.