Mshono wa Bandi

Bi harusi aliingia chumba cha kushonea na chupa ya maji mkononi, kama alivyoagizwa na daktari. Shangazi yake hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Amesemaje?"

"Chai niiache leo hii. Siyo kesho."

Chai hiyo ya kupunguza mwili aliinunua kwa msusi wake. Kwa wiki mbili ilimkimbiza chooni, na mizani ikashuka kweli. Kisha misuli ya miguu ikaanza kukaza, na jana alianguka bafuni. Vipimo vya damu vilionyesha chumvi za mwili zimepungua kiasi cha kuweza kuvuruga mapigo ya moyo. Daktari alimpa dawa ya kuzirudisha. Kuhusu mizani alikuwa na jibu fupi: kilichopungua zaidi kilikuwa maji. Mafuta yapo palepale, yanamsubiri.

"Maji yakimwagika hayazoleki," bi harusi alisema.

"Haya yanazoleka. Kunywa."

Akanywa. Lakini hofu yake kubwa haikuwa damu. Gauni lilishonwa kwa kiuno alichoahidi kuwa nacho, na shangazi alipobisha, yeye ndiye aliyejibu kwamba fundi hushona anachoagizwa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kitambaa kile kilikwisha dukani.

"Halitafunga, shangazi."

"Livae kwanza, ndipo ulie."

Akapiga moyo konde, akalivaa. Zipu ilifika kiunoni ikagoma. Machozi yakamlengalenga. Shangazi akachomeka ncha ya mkasi kwenye mshono wa ubavuni, akakata uzi mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa bandi tu, mshono wa mkono wa kushikiza. Nyuma yake kitambaa kilikunjwa upana wa vidole viwili, na pembeni kulikuwa na mshono imara wa cherehani. Akafanya vivyo hivyo ubavu wa pili.

"Cherehani ilifuata kiuno nilichokipima. Bandi ilifuata kile cha ahadi."

"Kumbe ulinizunguka!"

"Nimeshona ulichoagiza. Hukuniambia nitupe kinachobaki."

"Na kama ningepungua kweli?"

"Ningepitisha cherehani juu ya bandi. Kitambaa hupunguzwa, mwanangu. Kuongezwa hakiongezwi."

Zipu ikapanda mpaka juu. Bi harusi akashusha pumzi ndefu, moyo ukatua. Akauliza kama kuna chochote cha kula.

"Kipo. Vua kwanza, usije ukanichafulia gauni."