Viatu Visivyochomwa

Fortunato Mayta alipofariki, katika mwezi wa mvua, mimi ndiye niliyesimamia shughuli ya siku ya nane, kwa kuwa nilimfundisha kusoma na nilikuwa msomaji wa sala katika kanisa letu. Kijijini kwetu, chini ya mlima Illimani, nguo za marehemu hufuliwa mtoni siku hiyo, kisha vitu alivyovipenda huchomwa moto ukingoni, ili avikute huko aliko. Mapadri walionilea hawakuipenda desturi hiyo; waliivumilia, nami nikajifunza kwao kuivumilia. Wanaoiamini husema kwamba mtu ambaye viatu vyake havikuchomwa hutembea pekupeku juu ya mawe, wala hafiki.

Siku ile ziliteketea nguo zake za baridi, kofia yake ya sufu, na kamba aliyofungia mizigo kwa miaka ishirini na miwili. Viatu vyake vya barafu havikuwapo. Nilimtazama mjane wake, Nicolasa. Aliinamisha uso, akaendelea kukamua shati ambalo halikuwa na tone la maji tena. Nikaelewa. Nikafungua kitabu, nikasoma sala ya mwisho.

Fortunato alikuwa mpagazi. Aliwabebea wageni mahema na majiko hadi kambi ya juu, pale mawe yanapokoma na theluji kuanza, na hapo ndipo kazi yake ilipoishia. Wageni waliendelea na waongozaji wao. Yeye alibaki akiyeyusha barafu ya chai. Alifika hapo zaidi ya mara mia mbili, na kileleni hakufika hata mara moja. Mgeni mmoja, akirudi kwao, alimwachia viatu vya plastiki ngumu, vya rangi ya chungwa, vyenye kiatu kingine cha sufu ndani. Fortunato alivipokea kwa mikono miwili, akavijaribu sakafuni, akavirudisha sandukuni.

"Hivi si vya kupikia chai," alisema. "Hivi ni vya siku yangu."

Ndivyo tulivyo watu wa hapa: kitu kizuri hatukitumii, tunakiwekea siku yake. Siku ya Fortunato haikuja. Kifua kilimwahi.

Miaka minane ilipita. Jumapili moja, baada ya sala, Nicolasa alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, goti moja bovu, na hakuwa na mtoto.

"Mwalimu, mwezi wa nane ninapanda hadi juu," alisema. "Goti hili halitanipa mwaka mwingine. Kabla halijanikatalia, nataka viatu vyake vikanyage kule."

Nilimwambia kwamba mlima si kaburi la kuzuru. Alinijibu kwamba hakuja kuomba ruhusa.

Alianza wiki ile ile. Kila alfajiri alifunga mgongoni kitambaa chake cha kubebea, ndani yake jiwe moja la mtoni, akapanda njia ya malisho hadi ukingo wa barafu, akashuka, kisha akaenda shambani kuchimba viazi kama watu wengine. Kila Jumapili aliongeza jiwe. Alipanda kwa sketi zake zote, moja juu ya nyingine, na kofia yake ngumu ya duara, akitafuna majani ya koka. Miguuni alivaa katambuga za tairi.

Wanawake waliokuwa wakianika viazi kwenye jalidi, ili vikauke kwa baridi, walipata mchezo mpya.

"Mama Nicolasa, umekosa punda?"

"Punda nimemwachia mumeo, shoga. Mwenye shida ni yeye."

"Mwacheni, anaenda kuolewa na mlima!"

"Bwana harusi mwenyewe ana mvi kichwa kizima!"

"Angalau huyu halewi," Nicolasa alijibu bila kusimama, nao wakacheka hadi wakashika mbavu. Alipopita kona, pale walipokuwa hawamwoni, niliona akijishika kwenye ukuta wa mawe na kutapika.

Mawe yalipofika kumi na nane, alikwisha kukonda usoni na kuwa mgumu miguuni kama mtu aliyechongwa. Goti lilivimba kila jioni. Alilikanda kwa mafuta ya lama, mnyama wetu wa mizigo, na hakulitaja. Mezani alikula viazi vikavu na nyama iliyokaushwa kwa chumvi, akakataa pombe hata katika sikukuu ya kijiji, jambo ambalo watu walilichukia kuliko ule wazimu wa mawe. Ilionekana kana kwamba ameacha kuwa jirani ya mtu yeyote.

Shemeji yake, Rufino, ndugu mdogo wa Fortunato, ni mwongozaji mwenye cheti, naye ndiye aliyekubali kumpandisha. Alimfundisha siku moja juu ya barafu jinsi ya kukanyaga na meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu na jinsi ya kushika shoka. Jumatatu ya safari alikuja nyumbani kwa Nicolasa kukagua vifaa. Nilikuwapo. Kamba, miwani, glavu jozi mbili, taa. Kisha Nicolasa akafungua sanduku, akatoa vile viatu. Vilikuwa vinang'aa.

Rufino alivigeuza, akavibonyeza kwa kidole gumba.

"Shemeji, vitu vya plastiki vikikaa sana vinadanganya. Siku ile ulivaa vya mke wangu. Vaa vile vile tena."

"Vya mkeo vinanibana."

"Hivi vinakupwaya!"

"Nina soksi."

"Umeshavitembelea lakini? Niambie ukweli, maana kule juu si sokoni."

"Nimetembea navyo hadi ukingo wa barafu mara tatu," Nicolasa alisema. Kisha akanitazama mimi, sawasawa na nilivyomtazama yeye mtoni miaka minane kabla.

Nilikuwa nimemwona kila alfajiri akipita mbele ya ukuta wa shule. Sikuwahi kumwona na kitu kingine ila katambuga. Alivihifadhi viatu vile visichakae, ili unyayo wao wa kwanza wa kweli uwe kwenye theluji ya kileleni. Maisha yangu yote niliwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Rufino alinigeukia.

"Mwalimu, wewe unamwona kila siku. Kweli?"

Nikasema, "Unamwamini shemeji yako au humwamini?"

Jibu hilo halikuwa uongo. Lilikuwa baya kuliko uongo, kwa sababu lilivaa nguo za heshima.

Waliondoka Jumanne. Alhamisi asubuhi nilikaa juu ya ukuta wa shule na darubini ya shaba iliyoachwa na mapadri. Anga lilikuwa safi. Kwenye mgongo wa theluji, chini ya mteremko wa mwisho, niliona nukta mbili zikipanda polepole. Nilizifuata muda mrefu, nikaanza hata kufurahi. Kisha zikasimama. Moja ikakaa chini. Nilifuta kioo mara mbili, nikidhani ni jicho langu. Zilikaa pale hadi kivuli cha mwamba kikahama. Zilipojongea tena zilikuwa zimebanana, karibu nukta moja, na zilikuwa zinashuka.

Rufino alinieleza baadaye, akitazama chini.

"Ilibaki kama kutoka hapa hadi kisimani, Mwalimu. Kama kutoka hapa hadi pale tu. Alikuwa na nguvu kunishinda mimi, nakuapia. Basi nikasikia mlio, kama yai likivunjika. Kiatu cha kushoto kimepasuka chote, soli imebaki kwenye barafu na meno yake. Baridi ile, plastiki ile ya zamani! Nikamfunga mguu kwa glavu, kwa begi, kwa kamba. Yeye anaokota vipande. Nikamfokea, shemeji, acha takataka, tushuke! Akaniambia, si takataka, ni mguu wa kaka yako."

Hospitalini, mjini La Paz, walimkata vidole vitatu vya mguu.

Alirudi kijijini akitembelea fimbo. Rundo la mawe ishirini na mawili lilikuwa bado kando ya mlango wake, kuku wakilitumia kulalia. Wanawake walimletea supu, wakaweka bakuli, wakaondoka bila mzaha. Mimi niliketi.

"Sasa ningehitaji soksi nyingi zaidi," alisema, akiutazama mguu wake. Hakucheka, wala mimi sikucheka. Halafu akauliza, "Siku ya nane, uliona kwamba havipo?"

"Niliona."

"Na Jumatatu ulijua nasema uongo."

"Nilijua."

"Ungesema, Mwalimu."

"Ningesema."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu ambayo jibu lake alikwisha kulipata.

Tulikwenda mtoni Jumamosi, sisi wawili tu, mimi nikiwa nimebeba kuni na dumu la mafuta ya taa. Alivipanga vile viatu juu ya mawe: kile cha kulia kizima, cha kushoto vipande kumi na kimoja ndani ya leso. Plastiki haikushika moto kwa hiari. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu iliyotufukuza pembeni, ikadondosha matone yanayowaka, yakalia yalipogusa maji. Nilisoma sala ile ile, katika kitabu kile kile. Nilikuwa nimechelewa miaka minane, na kila neno lilinikumbusha hivyo.

Moto ulipokwisha, lilibaki bonge jeusi limegandamana na jiwe. Nicolasa aliligusa kwa fimbo. Halikubanduka.

"Mapadri wako hawaamini haya," alisema. "Wewe je? Sasa ana viatu?"

Nilitafuta jibu la mtu mwadilifu. "Sijui, Nicolasa."

"Kwa miaka minane nilimwacha pekupeku," alisema. "Na leo nimempelekea vilivyovunjika."

Akafunga leso tupu, akaanza kupanda kuelekea kijijini, akiutanguliza mguu mzima. Nilimfuata nyuma na dumu. Mlima ulikuwa wazi wote mbele yetu, nasi tulitazama njia.