Kitone cha Mwisho

"Kwani hii miwili lazima ikutane?" mama aliuliza, na Wakili, binti yake, aliyebandikwa jina hilo na wenzake wa mdahalo chuoni kwa mdomo wake usiolala, alikuwa anaitazama tu ile karatasi ya grafu iliyolazwa juu ya meza ya cherehani, ubavuni mwa mkasi na vipande vya bitana, mistari miwili ya penseli, y ni x ongeza moja, huo umeanzia juu ukipanda taratibu, y ni x mara mbili toa tatu, huo umeanzia chini kabisa ukipanda kwa pupa, yote miwili imekatika kabla ya kugusana, na mama tayari kashika kifutio... kesho mama ana mtihani, kesho asubuhi, na bila hesabu kile chuo cha ualimu wa ushonaji hakimtazami hata usoni, atabaki kupunguza viuno vya sketi za watu mpaka macho yamwishe, na kichwa cha Wakili kimejaa mchanga, tangu mchana wanachora, wanafuta, wanachora, karatasi imechakaa kama tambara la jikoni, "Shoga, hizo hesabu utazivaa?" mteja aliyekaa mlangoni akingoja gauni lake anacheka peke yake, na mama, bila kugeuka, "Zikinikaa vizuri kiunoni, navaa"... anawezaje kutania, yeye aliyetolewa darasani mbele ya wenzake, tumbo lenyewe halijaonekana, mwalimu mkuu akamwambia aache sweta la shule mezani, sweta! na baba, aliyekuwa dawati la nyuma, akabaki dawati lake la nyuma, akafanya mtihani wake, akapigiwa makofi siku ya kufunga shule, wala hakuna aliyemwuliza sweta lake liko wapi, hoja hiyo Wakili angeisimamia mbele ya jopo lolote, angewabana mpaka watokwe jasho, ila hapa hakuna jopo, yupo mama na kifutio chake, na uchovu huu unaomwingia mpaka kwenye magego, "Haikutani, mwanangu, mimi nimeunganisha alama zote za jedwali, zimeisha," zimeisha, ndiyo, sifuri, moja, mbili, vitone vitatu kila mstari, na kwenye kitone cha mwisho penseli imesimama kabisa, kwa nini aisimamishe hapo, nani kamwambia... ah, chaki, mkono huu ni wa chaki, miaka yote umezoea kukoma penye alama, maana mkasi hufuata chaki, ukipitiliza umeharibu kitambaa cha mtu, lakini hiki si kitambaa, mama, kitone cha mwisho ni pale tu tulipochoka kuhesabu, mstari wenyewe unaendelea, wa chini unapanda mbili kila wa juu ukipanda moja, utaufikia tu, x ikiwa nne, y tano, hapo hapo, vidole viwili kutoka ulipoacha... na Wakili anahisi masikio yakimwaka moto, kwa sababu na yeye, kwa hasira zake zote, kamchora mama mpaka pale kwenye sweta mezani akainua penseli, kila akimfikiria anamwona pale pale, msichana anayetoka mlangoni mikono mitupu, hajawahi kumchora akiburuta cherehani kuukuu mpaka chumba hiki, akijiandikisha masomo ya jioni na watoto wanaomwita shangazi, akimjibu mteja bila kugeuka, mama hakusimama pale, hata siku moja, aliyesimama ni nani basi... feni inazunguka, mteja anapiga miayo, kifutio kinashuka polepole kwenye karatasi, "Mama," sauti inatoka ndogo, si ile ya ukumbini, "usifute. Weka rula tena, uendeleze mistari."