Gauni Jekundu la Bi Morvaux

Bi Armande, msimamizi wa mavazi, aliliweka gauni mezani kwangu asubuhi, likiwa limegeuzwa ndani nje, na hakunitazama usoni.

"Kiuno kipunguze vidole vinne," alisema. "Ziada uikate. Sitaki mafundo mgongoni, kamera itapanda ngazi nyuma yake."

"Vidole vinne? Bi Morvaux hataingia humu. Hata sasa anaingia kwa kusali."

"Nimekutajia jina la mtu?"

"Hapana."

"Basi shona."

Nikashona. Hariri ile ilitoka Lyon, na jora lenye rangi hiyo lilikuwa limekwisha, kwa hiyo kila nilipokata nilijua nakata kitu kisichorudi. Binti yangu Luce, ambaye alikuwa bado ananyonya, alilala kwenye kapu kati ya mashati ya wanajeshi wa bandia. Watoto hawakuruhusiwa studio. Ni Ghislaine Morvaux mwenyewe, nyota wa filamu, aliyesema siku ya kwanza, mbele ya watu wote, "Mwacheni hapo. Nimeshafanya kazi na waigizaji wanaolia kuliko yeye." Tangu hapo hakuna aliyenigusa.

Kwetu studio gauni halipunguzwi bila mwenyewe kuitwa kupimwa. Likipunguzwa kimyakimya, ujue limepata mwili mwingine. Na mwili wenye kiuno kile tulikuwa nao mmoja tu: Maryse, msichana aliyeigiza mpwa wa mwenye jumba, mwembamba kama mshumaa wa kanisani. Asubuhi ile alinipita bila utani wake wa kila siku, macho chini. Dereva alikwisha kunong'ona, na mafundi wa taa pia. Kesho, kwenye ngazi kubwa, Maryse ndiye angevaa jekundu. Bwana Gaston Pélissard, mtayarishaji, mwenye pesa za filamu, angemwambia Bi Morvaux jioni, hotelini, mezani. Nusu ya filamu ingepigwa upya bila yeye, na kwa umri wake hakuna ambaye angempa nyingine. Kila mtu alijua, ila yeye.

Nikaenda kupiga pasi. Niliporudi, gauni mkono mmoja na kapu la Luce mkono wa pili, Bi Morvaux alikuwa amenitangulia kuingia chumba chake, naye amesimama mlangoni kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

Mbele ya kioo, ndani ya jagi, palikuwa na fungu kubwa la maua ya karnesheni. Meupe na mekundu, yenye kingo za kukunjamana, na chumba kizima kilinuka kama karafuu.

"Nani ameleta haya?"

"Mama mkwe wangu, Madamu. Atakuwa amepita nikiwa kwenye pasi. Anayalima mwenyewe, kule kwenye matuta juu ya mji. Ile filamu yako ya mke wa mlinzi wa mfereji aliiona mara tatu, akalowesha leso nzima kwa machozi."

"Yatoe."

Nikayatoa. Maji yakanidondokea viatuni. Sisi watu wa mji huu wa Nice tunapeleka karnesheni harusini, kwa mtakatifu, hata kwa daktari aliyekataa malipo. Mama mkwe asingeweza kufikiri heshima kubwa zaidi ya ile.

Bi Morvaux akaketi taratibu. "Wewe hukukulia jukwaani, Delphine, hujui. Pale Rouen nilipoanza, msimu ukiisha mkurugenzi wa ukumbi alituma maua vyumbani. Waridi maana yake unabaki. Karnesheni maana yake kusanya vitu vyako. Hakusema neno, alituma maua tu. Nilipata yangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikapanda treni ya Paris nikalia njia nzima. Huko nikasimama kwenye makundi ya wapita njia, filamu baada ya filamu, mpaka siku moja mtu wa kamera akauliza yule mwenye macho ni nani." Akafuta kioo kwa kiganja. "Miaka yote hii hakuna aliyethubutu kuniletea tena."

"Ni mapenzi tu, Madamu. Hakujua."

"Maua hayaji yenyewe. Lete gauni."

"Bado lina joto la pasi."

"Mwanangu, lete gauni."

Nikampa. Hakulivaa. Alitia mikono miwili kiunoni mwa lile gauni, vidole vikakutana mapema mno, akaviangalia.

"Maryse?"

Nikamchukua Luce kapuni ingawa hakuwa amelia. Nilijua nikisema, Bi Armande atanifukuza. Nilijua pia ni nani aliyeniachia mtoto karibu na ziwa langu.

"Kesho, Madamu. Bwana Pélissard atakuambia leo, kwenye chakula cha jioni."

"Chakula cha jioni." Alitikisa kichwa. "Ataniagizia samaki. Mtayarishaji akikuagizia samaki bila kukuuliza, umekwisha." Akasimama, akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake. "Huko kwenye ngazi wanafanya nini sasa?"

"Wanapanga taa. Yuko mpiga picha wa gazeti la mji pia."

"Na filamu imo ndani ya kamera?"

"Nadhani imo."

"Basi nishonee mwilini."

Nikamrudisha Luce kapuni. Bibi yangu alizoea kusema ni maiti tu anayeshonewa nguo mwilini, na ukilazimika kumshonea mtu hai, mpe uzi aung'ate, sindano isimchukulie akili. Nikamwambia. Nilidhani atacheka. Alinyoosha mkono nimpe uzi.

Gauni lilipanda mpaka kiunoni likagoma. Nikavuta, nikavuta tena. Mgongo uliachana mwanya wa kiganja.

"Toa pumzi, Madamu."

"Nimeitoa tangu Rouen," alisema, uzi katikati ya meno.

Nilishona kwa mishono midogo, uzi mara mbili, nyama ikijikunja chini ya vidole vyangu. Nilipomaliza hakuweza kuinama kuvaa viatu. Nilimvalisha kama ninavyomvalisha Luce. Mashavu yake yalikuwa meupe kabla hajapakwa poda.

Kwenye ngazi, yule mwanamke anayesimama badala yake taa zinapopangwa alimwona, akashuka bila kuambiwa. Nyundo zikanyamaza. Bwana Cazenave, mwongozaji, aligeuka kumtazama Bwana Pélissard, na Pélissard akainuka kitini, sigara imezima mdomoni.

"Ghislaine, leo tunapanga taa tu."

"Zipangeni basi," alisema Bi Morvaux. "Mimi napanda."

Akapanda. Mwenye kamera hakungoja amri ya mtu. Nilisimama chini nikiutazama mshono wangu, mstari mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni, na kila alipoinua mguu niliuona ukivutika kama mdomo unaotaka kusema. Hakushika ukuta. Juu kabisa aligeuka, akatutazama sote, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. Fundi mmoja alivua kofia. Walidhani anaigiza.

Mashine ya mpiga picha ililia mara moja, kisha tena.

"Kata," alisema Cazenave, polepole sana. "Hii sirudii. Gaston, ukitaka irudiwe, tafuta mwongozaji mwingine."

Pélissard alimtazama mpiga picha wa gazeti, akatazama ngazi, kisha akapiga makofi, kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya. Kesho, gazetini, mji mzima ungemwona Ghislaine Morvaux ndani ya jekundu.

"Jioni," alisema Bi Morvaux kutoka juu, kwa sauti nyembamba, "usiniagizie samaki."

Chumbani alipiga magoti kabla sijafunga mlango. Nilikata uzi kwa mkasi, na hewa ikamwingia kwa mlio ulioamsha Luce. Ubavuni alama za mishono zilibaki nyekundu, zimepangika kama nyayo za ndege. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, na nilitamani aache.

"Nimebaki," alisema. "Mwambie mama mkwe wako nimebaki."

"Nitaliongeza kitambaa, Madamu. Kipande kidogo, mgongoni."

"Mgongo wameshaupiga picha, mwanangu. Utabaki vilevile mpaka mwisho." Bado zilikuwapo sehemu za dansi, na bustani, na kifo kitandani cha yule mwanamke anayemwigiza, zote ndani ya jekundu. "Yarudishe maua majini. Yameshasema lao."

Asubuhi iliyofuata Bi Armande alilileta gauni mwenyewe, akaliweka mezani, akaondoka. Hakunifukuza. Angempata wapi mwingine wa kushona mwili wa mtu?

Bi Morvaux aliingia uzi tayari uko katikati ya meno, akanigeuzia mgongo. Nilivuta pande mbili zikakutana. Nyumbani, Luce akilala kimya mno, naweka kiganja karibu na pua yake nipate kuisikia pumzi. Sindano mkononi, niliweka sikio mgongoni pa Bi Morvaux.

"Unaisikia?"

"Naisikia kidogo, Madamu."

"Kidogo kinatosha," alisema. "Shona."